Kutuliza Jivu la Taka kwa Maji Kabla ya Kufyatulia Kabro

Kabro ya jivu, lile tofali la kusakafia uani lililotiwa jivu, haiharibiki siku inapofyatuliwa. Hutoka kwenye kalibu ikiwa safi, ikakauka, ikapangwa uani, mwenye nyumba akalipa. Mvua za Mei zikishapita ndipo uso wake unapoanza kutoboka vishimo vya ukubwa wa mbaazi. Chokonoa kimoja kwa ncha ya msumari na chini kabisa utakuta chembe nyeupe inayopondeka ukiigusa. Hiyo ni chokaa hai, yaani chokaa ambayo haijazimwa kwa maji, iliyokuwa ndani ya jivu. Ilikunywa maji ikiwa imeshafungiwa ndani ya simiti, ikavimba, ikabandua kila kilichokuwa juu yake.

Mafundi wengi wakiona hivyo huongeza simiti kwenye mchanganyiko unaofuata. Ni pesa inayopotea. Jivu hilo lilihitaji maji wiki kadhaa kabla halijakaribia mashine ya kufyatulia, na maji hayo yangegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya mfuko mmoja wa simiti.

Mwongozo huu ni wa mwenye karakana ya matofali au kabro hapa Malindi, anayepata jivu kutoka kwenye boila ya dobi, tanuri la mikate au jiko kubwa la hoteli linalochoma kuni zinazotokana na taka: makumbi na vifuu vya nazi, maranda ya seremala, maganda ya korosho, maboksi, na makaa ya kufinyanga yanayotengenezwa kwa taka zilizochambuliwa. Jivu la dampo ambako kila kitu kimechomwa pamoja ni habari nyingine, nami nitaeleza kwa nini silitaki.

Maji yanafanya nini

Ndani ya jivu bichi mna mambo matatu yasiyotulia.

La kwanza ni chokaa hai. Ikikutana na maji huwa chokaa iliyozimwa, hutoa joto jingi, na ujazo wake huongezeka karibu maradufu. Ikivimba ikiwa kwenye lundo, hakuna hasara. Ikivimba ndani ya kabro, umeshaona. Tena chokaa iliyoungua kwenye moto mkali sana huwa ngumu na mvivu, haizimiki kwa siku moja. Ndiyo maana kumwagia maji asubuhi na kufyatua jioni hakusaidii kitu.

La pili ni vipande vya alumini: vifuniko vya soda, karatasi za ndani ya maboksi ya maziwa, bati za dawa. Jivu bichi likilowa huwa na ukali wa 12 au zaidi kwa kipimo cha pH, na katika ukali huo alumini huliwa na kutoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Gramu moja tu ya alumini hutoa zaidi ya lita moja ya hewa hiyo. Ndani ya zege mbichi, hewa hiyo huvimbisha mchanganyiko na kuacha matundu. Kuna viwanda vinavyotia unga wa alumini kwa makusudi ili kupata matofali mepesi yenye matundu, lakini wao hupima. Wewe hujui una kiasi gani.

La tatu linaenda polepole: chokaa iliyozimwa huvuta kaboni dioksaidi kutoka hewani na kugeuka kuwa mawe ya chokaa tena. Hapo ukali wa jivu hushuka kutoka 12 na zaidi hadi kati ya 8 na 10, na madini kama risasi na zinki, ambayo huyeyuka kwa urahisi kwenye ukali wa juu, hushikwa na kutulia. Jambo hili linataka unyevu na hewa kwa pamoja. Jivu kavu kabisa halivuti. Jivu lililozama majini halivuti pia, kwa sababu hewa hupenya kwenye maji kwa shida mno. Karibu kazi yote ya mwongozo huu ni kuliweka lundo katikati ya hali hizo mbili.

Pwani hii si ngeni kwa kazi ya kuzima chokaa. Waashi wa Lamu walichoma matumbawe juu ya kuni za mikoko na magogo ya minazi, wakaizima chokaa yao, wakaiacha ikae kabla ya kuipaka ukutani, na kuta hizo ni sehemu ya mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Tofauti ni kwamba wao walijua kilichomo kwenye tanuri. Jivu la taka lina wageni.

Hatua ya kwanza: jua jivu limetoka wapi, na ukatae lisilofaa

Nenda mwenyewe ukaone kinachoingia kwenye moto. Usimwulize mwenye boila peke yake. Mwulize kijana anayelisha moto. Yeye ndiye anayejua siku kuni zikipungua hutupwa nini.

Kataa jivu la mbao zilizotiwa dawa ya kijani au ya kuzuia mchwa. Dawa za zamani za mbao zilikuwa na aseniki, kromu na shaba, na moto hauziondoi, unaziacha kwenye jivu zikiwa zimekolea. Kataa mbao za mashua zilizopakwa rangi, kwa sababu rangi za kukinga chini ya chombo zina sumu ya kuua vidudu vya baharini na rangi nyingi za zamani zina risasi. Kataa jivu la matairi, betri, nyaya na taka za hospitali bila mjadala. Magogo yaliyookotwa ufukweni nayo yaache: yamejaa chumvi ya bahari, na kuni zenye chumvi zikiungua hutoa sumu za dioksini ambazo kuni za kawaida hutoa kidogo sana.

Plastiki ndiyo tatizo gumu zaidi, kwa sababu huwa ndani ya kila kitu. Mabomba ya maji na vifuniko vya nyaya vya PVC ni karibu nusu klorini kwa uzito. Sehemu ya klorini hiyo hubaki kwenye jivu ikiwa kloridi, na kloridi hula vyuma ndani ya zege. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini mifuko haikuwa na shida hii. PVC ndiyo yenye shida, na bado ipo kila ujenzi unapobomolewa.

Halafu kuna majivu ya aina mbili kwenye boila moja. Jivu la chini, linalobaki kwenye chanja, ndilo unalolitaka. Vumbi jepesi linalokusanywa kwenye bomba la moshi au kichujio ndiko metali nzito na chumvi hukimbilia, maana zilipaa na moshi kisha zikapoa hapo. Ukikuta vimewekwa kwenye pipa moja, omba vitenganishwe kuanzia siku hiyo, na lile lililokwisha kuchanganywa liache.

Jambo moja nisilotaka ulisahau: maji na hewa hutuliza jivu, hayaliondolei sumu. Kuna madini kama antimoni na baadhi ya aina za kromu ambayo huweza kutoka kwa urahisi zaidi jivu likishashuka ukali. Kwa hiyo jivu baya linabaki baya hata likae mwaka mzima chini ya banda.

Hatua ya pili: lipoe, chekecha, toa chuma

Jivu la boila huficha makaa yenye moto kwa siku mbili tatu, hasa makaa ya vifuu. Ukimwagia maji juu yake mvuke huruka na kurusha jivu usoni. Litandaze kwenye sakafu ya zege, unene usiozidi kiganja, likae hadi mkono ukiwekwa karibu usihisi kitu.

Kabla ya kugusa, vaa miwani iliyoziba pembeni, glavu za mpira, barakoa ya kuzuia vumbi na viatu vilivyofunika mguu. Kandambili hapa ni kujitafutia kidonda. Jivu bichi likiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha mwende hospitali. Usisubiri kuona kama litapoa lenyewe.

Chekecha kwa wavu wa milimita 5. Kinachobaki juu ni misumari, vioo, mabonge na vifuniko. Pitisha sumaku ya spika mbovu juu ya kilichopita, nayo itakusanya vipande vya chuma ambavyo macho hayakuona. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo ile inayoonekana iokote kwa mkono. Mabonge yaliyoshikana yavunje kwa nyundo na kuyachekecha upya, kwa sababu bonge lisilovunjwa ndilo lenye chokaa hai katikati.

Angalia rangi. Jivu jeupe au la kijivu hafifu limeungua vizuri. Jivu jeusi lina makaa ndani, na makaa hunywa maji ya simiti na kudhoofisha zege. Viwango vingi vya jivu la kuchanganya na simiti huweka ukomo wa mabaki yasiyoungua kati ya asilimia 5 na 10. Jivu jeusi lirudishe kwa mwenye boila, alichome tena. Bado lina moto wa kumfaa.

Hatua ya tatu: majaribio mawili ya ndoo na chupa

Haya huchukua saa moja na hukueleza unashughulika na nini.

Jaribio la joto: weka kilo 1 ya jivu kavu kwenye ndoo, ongeza nusu lita ya maji ya kawaida, koroga kwa mti, na usome joto kwa kipima joto kila dakika chache. Likipanda nyuzi mbili tatu tu, chokaa hai ni kidogo au ni ile mvivu. Kama jivu lina chokaa hai asilimia 10 na yote ikazimika mara moja, hesabu inatoa ongezeko la karibu nyuzi 40 ikiwa joto halitoroki. Kwenye ndoo hutaliona lote, lakini ukiona nyuzi 20 na kuendelea, jua lundo lako litachemka kweli, na umwage maji kwa awamu.

Jaribio la hewa: jaza chupa ya maji ya nusu lita hadi theluthi kwa jivu, ongeza maji hadi nusu, vuta puto juu ya mdomo wa chupa na uache kivulini. Mwanzoni puto linaweza kusimama kidogo kwa sababu ya joto. Lisubiri lipoe. Likiendelea kujaa baada ya chupa kupoa, hiyo ni haidrojeni. Lifungue nje, penye upepo. Hewa hiyo hushika moto ikiwa sehemu 4 tu kati ya 100 za hewa ya chumbani, kwa hiyo sigara na jiko viwe mbali, na usiwape watoto puto hilo. Kwa sababu hiyo hiyo jivu lenye maji halifungwi kamwe kwenye pipa au mtungi wenye kifuniko.

Hatua ya nne: mahali

Unataka sakafu ya zege yenye ukingo wa tofali moja kuzunguka, ikiinama kidogo kuelekea pembe moja ambako umechimba kidimbwi kidogo kilichosakafiwa. Maji yote yanayochuruzika kutoka kwenye lundo yaishie hapo. Yana ukali na chumvi. Usiyaelekeze kwenye kisima, shamba wala mikoko. Yale yaliyochuruzika kutoka kwenye jivu la makumbi usiyarudishe kwenye lundo, maana unarudisha chumvi uliyoitoa. Yaache yakauke kwenye kidimbwi, na ganda linalobaki likusanye na taka nyingine za karakana.

Juu weka paa la makuti au mabati, pande zikiwa wazi. Wakati wa kaskazi upepo hukausha uso wa lundo na kupeperusha vumbi, kwa hiyo weka kizuizi cha makuti upande huo. Masika tatizo linageuka: mvua ya upande inalowesha lundo hadi linakuwa tope, na tope halivuti hewa. Kama una banda moja dogo, anza kazi baada ya mvua kubwa kupita.

Hatua ya tano: maji, kiasi gani

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu kwa kukisia.

Anza na hesabu. Kila kilo 100 za chokaa hai hunywa kilo 32 za maji ili kuzimika. Kwa hiyo kilo 100 za jivu lenye chokaa asilimia 10 zinahitaji lita 3 na kidogo kwa ajili ya chokaa peke yake. Mengine yote unayoyamwaga ni ya kufidia mvuke unaopaa na ya kuacha unyevu kwenye lundo kwa wiki zijazo. Kwa jivu la kawaida la boila, jumla huwa kati ya lita 15 na 20 kwa kilo 100. Jivu la makumbi ni jepesi na hunywa zaidi. Linaweza kufika lita 30 kabla halijashikana.

Pima jivu kwa mizani, si kwa debe. Debe la jivu la makumbi na debe la jivu la vifuu vina uzito tofauti sana, na ukitumia kipimo cha debe moja utamaliza na lundo moja kavu na lingine tope.

Maji yawe ya bomba. Hapa Malindi hayo ni ya Baricho, kwenye mto Sabaki, na yanafaa. Kisima cha karibu na bahari ambacho hata chai yake haiendi, usikitumie: unaongeza chumvi mahali ambapo tayari unapigana nayo. Maji ya bahari hayaingii kwenye hesabu hii kabisa, hata kama ndoo iko hatua kumi kutoka ufukweni.

Tandaza jivu tabaka la sentimita 10. Nyunyiza kwa kopo la kumwagilia lenye vitundu, si kwa ndoo. Ndoo inatengeneza mkondo na jivu linakimbia nao. Geuza kwa sepetu, nyunyiza tena, kisha weka tabaka linalofuata. Mimina theluthi mbili ya maji uliyopanga, halafu simama. Subiri mvuke upungue, saa moja au mbili, ndipo umalizie theluthi iliyobaki. Chokaa inayozimika kwa kasi hupaisha maji mengi, na ukimwaga yote mara moja hujui yaliyobaki ni kiasi gani.

Sasa jaribio la ngumi. Ukiwa na glavu, chukua jivu kutoka ndani ya lundo, si juu, ulikaze kiganjani na ufungue mkono. Likivunjika papo hapo na kuacha vumbi kwenye glavu, bado kavu. Likichuruzika maji kati ya vidole, umezidisha. Tandaza na uache kwa siku mbili. Unalolitaka linabaki na alama za vidole, na ukiligusa kwa kidole gumba linagawanyika mara mbili bila kuwa tope. Jaribio hili linashinda kipimo cha lita kila wakati, kwa sababu jivu hubadilika kila mzigo.

Hatua ya sita: wiki za kungoja

Jenga lundo lisilozidi kimo cha mita moja na kidogo. Likiwa refu zaidi, katikati hakufiki hewa. Usilikanyage wala kulishindilia.

Kijana mgeni wa kazi hii karibu kila mara huuliza jambo moja.

"Fundi, nilifunike na nailoni lisikauke?"

"Hapana mwanangu. Ukilifunika hewa haitaingia, na ile ya alumini haitatoka. Mwagilia tu likikauka."

Wiki mbili za kwanza geuza lundo kila baada ya siku tatu au nne, ya nje yaende ndani na ya ndani yaje nje. Kila ukigeuza rudia jaribio la ngumi na uongeze maji mahali palipokauka. Baada ya hapo mara moja kwa wiki yatosha. Utaona mambo mawili. Joto la katikati, ambalo siku za kwanza linaweza kukufanya utoe mkono, hushuka taratibu hadi kuwa sawa na la hewa. Na lundo litaanza kujishika: mabonge madogo magumu yanatokea, kwa sababu jivu la aina hii lina kiasi cha nguvu ya simiti ndani yake. Yavunje kila unapogeuza. Ukiacha kugeuza wiki tatu nzima, unaweza kurudi ukakuta mwamba unaohitaji sururu.

Muda wote ni kati ya wiki 6 na 12. Kule Ulaya ambako jivu la taka za mijini hutumika chini ya barabara, miezi mitatu ya kulikalisha jivu ni jambo la kawaida. Joto letu linasaidia, lakini sishauri mtu aishushe chini ya wiki 6, hasa kama jaribio la puto lilijaa. Chokaa mvivu na alumini iliyofunikwa na ganda hazina haraka na wewe.

Jivu la makumbi lina kazi ya ziada. Lina potasiamu nyingi na kloridi, na vyote viwili huyeyuka majini. Likishakaa wiki tatu au nne, liweke kwenye magunia ya katani, uyatumbukize kwenye pipa wazi la maji ya bomba kwa siku moja, uyatoe, uyaache yachuruzike juu ya kidimbwi, kisha urudishe jivu kwenye lundo kuendelea. Usipofanya hivyo kabro zitatoa ukungu mweupe wa chumvi kila zikilowa na kukauka. Si hatari kwa kabro ya uani, lakini mteja hatakuelewa.

Hatua ya saba: hakikisha limetulia

Rudia puto. Safari hii lisijae hata kidogo baada ya chupa kupoa, likae siku nzima.

Pima ukali. Koroga kijiko cha jivu kwenye glasi ya maji yaliyochujwa, acha litulie, chovya karatasi ya pH. Ukiona 10 au chini, hewa imefanya kazi. Likibaki 12, lundo lilikuwa kavu mno au lililowa mno. Geuza, rekebisha maji, ongeza wiki tatu.

Kisha jaribio la kuchemsha, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote. Changanya sehemu 1 ya jivu na sehemu 4 za simiti kwa uzito, ongeza maji hadi uji mzito, na umimine juu ya kipande cha kioo duara la sentimita 7 hivi, nene katikati kiasi cha sentimita moja na jembamba pembeni. Liweke chini ya gunia lililoloweshwa kwa saa 24. Kisha litie kwenye sufuria ya maji, lete maji yachemke taratibu, na uliache lichemke saa 3. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Duara likitoka zima, bapa na bila ufa unaoanzia pembeni, jivu limetulia. Likijikunja au kupasuka kama miale, bado mna chokaa hai, na kuchemsha kumekuonyesha kwa saa 3 kile ambacho uani kingeonekana baada ya miezi.

Vipimo vya kloridi na metali nzito haviwezekani karakanani. Peleka sampuli maabara, mara moja kwa kila chanzo cha jivu, na tena chanzo kikibadilisha kuni. Chota kutoka sehemu kumi tofauti za lundo, changanya, ndipo utoe kilo mbili za kupeleka. Kuchota mahali pamoja ni kuipima bahati.

Hatua ya nane: kuingiza kwenye mchanganyiko

Kaushia jivu kivulini hadi lisishikane, na uchekeche kwa mara ya mwisho. Anza kwa kubadilisha asilimia 10 ya mchanga wa Sabaki, si ya simiti. Simiti iache kama ilivyo hadi uwe na matokeo. Fyatua kabro chache za majaribio, zimwagilie kila siku kwa wiki ya kwanza, na zivunjwe maabara kwa siku 7 na siku 28 pamoja na zile za kawaida zisizo na jivu. Zikiwa sawa, unaweza kupanda hadi 15, kisha 20. Juu ya hapo nguvu hushuka na faida inakwisha.

Jivu hili ni la kabro za njia za miguu, uani, vitofali vya bustani na tabaka la chini la barabara ya ndani. Usilitie kwenye nguzo, linta, mihimili wala slabu yenye chuma. Usilitie kwenye tangi la maji, kuta za kisima au sakafu ya zizi. Na mkazi wa Lamu au wa mji wa kale wa Malindi anayetaka kurekebisha ukuta wa matumbawe, arudi kwenye chokaa safi na mchanga. Chumvi na salfeti za jivu zitaupasua ukuta uliokuwa na amani kwa karne nzima.

Karatasi

Jivu la taka bado ni taka machoni pa sheria unapolibeba kwenye pikapu. Kusafirisha na kushughulikia taka huhitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewapa kaunti wajibu wao pia. Pita ofisi ya mazingira ya kaunti ya Kilifi kabla hujajenga banda. Ukitaka kuuza kabro hizo kwa miradi mikubwa, mnunuzi atakuuliza kama zimefikia viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na matokeo ya siku 28 ndiyo jibu lako la kwanza.

Weka daftari: tarehe jivu lilipofika, limetoka kwa nani, kuni zilikuwa zipi, maji yaliyoingia, siku lilipogeuzwa, puto lilikuwaje mwanzo na mwisho. Andika namba ya lundo kwenye kabro za kwanza kwa rangi, upande wa chini.

Jivu lililoshindwa jaribio la kuchemsha mara mbili lisitupwe shambani kwa kisingizio kwamba jivu ni mbolea. Lirudishe lilikotoka kwa maandishi, au lipelekwe dampo lililoruhusiwa, likiwa bado na unyevu ili lisipeperuke njiani.